Simu ya Android Imejaa: Anza Kufuta Wapi, na Usiguse Nini

Simu inapoandika kwamba nafasi imekwisha, wengi hukimbilia kufuta programu. Ya benki ina MB 80, inaondolewa. Kesho yake inahitajika, na bando linaliwa kuirudisha. Wakati huo GB 9 za video za magrupu zimetulia palepale. Usifute chochote kabla hujajua kinachokula nafasi.

Fungua Mipangilio, ingia Hifadhi. Kwenye Samsung utapitia kwanza sehemu ya utunzaji wa kifaa. Utaona mgawanyo: programu, picha, video, sauti, hati, mfumo. Katika simu ya GB 32, mfumo pamoja na programu zilizokuja na simu unaweza kuchukua GB 10 hadi 15, na sehemu kubwa ya hiyo haifutiki.

Kuna jambo moja hapo ambalo mafundi wengi hawalitaji. Simu nyingi za Tecno, Infinix, Redmi na Samsung zina kipengele cha kuongeza RAM, yaani kumbukumbu ya muda ambayo simu hufanyia kazi. Hicho hakiongezi RAM halisi. Kinakata kipande cha hifadhi, GB 2 hadi 8 au zaidi, na kukitumia badala yake. Samsung wanakiita RAM Plus, Tecno na Infinix wanakiita MemFusion. Hifadhi ni ya polepole kuliko RAM, kwa hiyo faida yake ni ndogo. Kwenye simu ya GB 32 au 64, kizime kisha uzime na kuwasha simu. Nafasi hiyo inarudi bila kufuta hata picha moja.

WhatsApp

Kwa simu nyingi za kwetu, mlaji mkubwa ni huyu. Ingia mipangilio ya WhatsApp, gusa sehemu ya hifadhi na data, kisha ya kudhibiti hifadhi. Juu kuna mafungu mawili: vitu vilivyosambazwa mara nyingi, na vitu vinavyozidi MB 5. Chini yake mazungumzo yamepangwa kuanzia lile linalokula nafasi kuliko yote, na mara nyingi ni grupu, si mtu.

Anza na vilivyosambazwa mara nyingi. Humo mna vichekesho, salamu za asubuhi na mahubiri yaliyopita magrupu kumi; chagua vyote, futa. Fungu la MB 5 lipangie kwa ukubwa na ulipitie kwa macho, kwa sababu ndimo ilimo video ya send-off ya dada yako na hati ya kiwanja uliyotumiwa. Ukiulizwa kama unataka kufuta nakala zote za kitu hicho, kubali, la sivyo nakala iliyotumwa grupu jingine itabaki na nafasi haitaongezeka. Ulichofuta hapa usitegemee kukipakua tena. Telegram ni tofauti: faili zake hubaki kwenye seva, na ukifuta akiba yake (cache, yaani faili za muda) zinarudi pale utakapozigusa. Kwa hiyo Telegram isafishe bila woga, ila WhatsApp kwa uangalifu.

Halafu kuna sehemu mbili zisizoonekana kirahisi. Fungua programu ya faili na ufuate njia hii: Android, media, com.whatsapp, WhatsApp. Kwenye simu za kabla ya Android 11, folda ya WhatsApp iko mwanzoni kabisa mwa hifadhi.

Ya kwanza ni Media, WhatsApp Video, Sent. Ukituma video uliyorekodi mwenyewe, WhatsApp huitengenezea nakala iliyopunguzwa na kuiweka humo. Video moja inakaa simuni mara mbili. Kama ya asili ipo kwenye kamera, nakala ya Sent futa. Kwenye mazungumzo itabaki kivuli tu kisichofunguka.

Ya pili ni Databases. Humo WhatsApp huweka chelezo (backup, yaani nakala za akiba) za ujumbe za siku kadhaa, majina yake yakianza na msgstore. Kwa mtu mwenye magrupu mengi, moja inaweza kufika MB mia kadhaa. Zenye tarehe kwenye jina unaweza kuzifuta. Isiyo na tarehe ndiyo ya karibuni zaidi, hiyo iache.

Simu ikijaa kabisa, WhatsApp hukataa kufunguka na kudai nafasi. Usiiondoe na kuiweka upya, maana kama hakuna chelezo ujumbe wote unapotea. Pita njia hiyohiyo ya faili, futa video chache kubwa, na itafunguka.

Baada ya kusafisha, funga bomba. Rudi kwenye hifadhi na data, tafuta upakuaji wa moja kwa moja, uondoe alama kwenye video, sauti na hati. Wengi huondoa kwa data ya simu tu ili kulinda bando, wakaacha Wi-Fi. Wanafika kazini, simu inashika Wi-Fi, na kila video ya kila grupu inashuka bila kuombwa. Ondoa pote. Ule mpangilio wa kuficha picha zisionekane kwenye matunzio hauokoi nafasi; picha zipo, hazionekani tu.

Tupio, akiba na data

Umefuta picha 500 na nafasi haijabadilika? Ziko kwenye tupio. Google Photos huweka picha iliyochelezwa kwa siku 60 na isiyochelezwa kwa siku 30. Matunzio ya Samsung siku 30. Ingia kila tupio ulimwage, pamoja na la programu ya faili.

Kisha nenda Mipangilio, Programu, uzipange kwa ukubwa. Ukigusa moja utaona vitufe viwili vinavyofanana kwa macho lakini vinatofautiana sana kwa kazi. Cha kufuta akiba huondoa faili za muda. TikTok na Facebook hujaza nyingi, na kuzifuta hakuna madhara, ingawa zitajaa tena. Cha kufuta data au hifadhi hurudisha programu kama siku ilipowekwa: akaunti imetoka, na kwa WhatsApp mazungumzo yameondoka. Cha pili usikiguse kwa programu yoyote ambayo hukumbuki nenosiri lake. Nyimbo na video ulizopakua ndani ya YouTube, Spotify au Boomplay zifute ndani ya programu zenyewe.

Programu za kusafisha simu usiziweke. Android za sasa haziziruhusu kufuta akiba za programu nyingine kimyakimya, kwa hiyo zinachofanya hasa ni kukuonyesha matangazo na kula nafasi unayoitafuta.

Kuhamisha picha

Kwa waya wa USB kwenye kompyuta, simu kwanza huchaji tu. Shusha arifa, gusa ile ya USB, chagua kuhamisha faili. Folda ya DCIM, yenye picha na video za kamera, inakili, usiihamishe kwa kukata. Waya ukilegea katikati, faili iliyokatwa inaweza kuharibika pande zote mbili. Fungua video mbili tatu upande wa kompyuta, ndipo ufute simuni.

Ukitumia Google Photos, subiri ioneshe kwamba uchelezaji umekamilika, halafu tumia kitufe chake cha kuongeza nafasi kwenye kifaa. Ukifuta picha mojamoja ndani ya Google Photos kwa njia ya kawaida, zinafutika hata kwenye akaunti. Hapa ndipo watu hupoteza picha za miaka. GB 15 za bure zinagawanywa na Gmail, Drive na chelezo ya WhatsApp.

Memori kadi inasaidia picha za kamera na muziki. WhatsApp haikubali kuhamia huko. Kadi ya GB 256 inayouzwa bei ya kutupa mara nyingi ni ya GB chache iliyodanganywa kusoma 256: inaandika vizuri mpaka ijae kiasi chake halisi, kisha faili mpya zinakuwa takataka. Ipime kwa programu ya H2testw kwenye Windows kabla ya kuiamini.

Uache nafasi kiasi gani

Asilimia 10 hadi 15 ya hifadhi, yaani kama GB 4 kwenye simu ya GB 32. Programu inaposasishwa, faili mpya hushuka na kufunguliwa wakati ya zamani bado ipo, ndiyo maana sasisho la MB 100 linaweza kukataa ukiwa na MB 200. Hifadhi iliyojaa pia huandika polepole, kwa sababu simu lazima ipange upya data ya zamani ili ipate pa kuandika, na kibodi inaanza kuchelewa.

Kama yote haya hayakutosha na unafikiria kurudisha simu kama ilivyotoka kiwandani, kwanza hakikisha unakumbuka barua pepe na nenosiri la akaunti ya Google iliyomo. Tangu Android 5.1, simu iliyofutwa kwa nguvu kupitia menyu ya uokoaji (recovery) itadai akaunti hiyohiyo kabla ya kufunguka.