Somo: Kuhesabu ndege wa maji Januari, mkoa wa Kigoma

Sensa ya kimataifa ya ndege wa maji ilianza 1967, na ya Afrika 1991. Hufanyika Januari kwa sababu Ulaya ni baridi kali na ndege wahamiaji wako huku kwetu. Ila Januari Kigoma ni mvua: maji yametapakaa, na ndege nao wametapakaa. Anayehesabu ufukweni tu huwakosa waliohamia kwenye majaruba ya mpunga.

1. Chagua eneo na mipaka yake. Ufuko wa Tanganyika wenye mawe una ndege wachache. Nenda delta ya Luiche kusini mwa Ujiji, au ya Malagarasi upande wa Ilagala. Chora ramani ya mkono: unaanzia wapi, unaishia wapi, majaruba yapi yamo. Mwakani hesabu eneo lilelile, la sivyo tarakimu hazilinganishiki. Toa taarifa ofisi ya kijiji mapema, na waulize wavuvi viboko na mamba wako wapi.

2. Vifaa: darubini ya 8x42 (inakuza mara 8, lenzi ya mbele ni milimita 42), fomu ndani ya mfuko wa nailoni, na penseli. Wino wa kalamu hutoka ukilowa.

3. Muda. Kigoma jua hutoka karibu saa 1 asubuhi. Anza hapo, maliza kabla ya saa 4. Ziwa liko magharibi, hivyo asubuhi jua liko mgongoni kwako. Jioni maji hung'aa na kila ndege anageuka kivuli cheusi.

4. Kuhesabu kwenyewe. Kundi dogo, mmoja mmoja. Kundi kubwa: hesabu kumi, shika kwa macho nafasi waliyochukua, kisha ipime juu ya kundi zima: kumi, ishirini, thelathini. Fungu la kwanza lichukue katikati ya kundi. Pembeni ndege wameachana, na fungu la huko litakupunguzia jumla. Wanaoanza wengi hukosea kwa kupunguza, mara chache kwa kuzidisha.

Mmoja ahesabu, mwingine aandike. Ndege akiruka kutoka nyuma yako na kutua mbele, usimhesabu tena. Wawili mkihesabu kundi moja, msijumlishe.

5. Kutambua. Yangeyange mdogo ana mdomo mweusi na vidole vya njano. Yule anayefuata ng'ombe ana mdomo wa njano. Vitwitwi, ndege wadogo wa kingo za maji, ndio mtihani. Anayetikisa mkia bila kupumzika, na weupe wa kifua umepanda mbele ya bega, ni kitwitwi wa kawaida kutoka Ulaya na Asia. Mwenye madoadoa meupe mgongoni, anayeonyesha kiuno cheupe akiruka, ni wa aina nyingine. Ukishindwa, andika "kitwitwi, aina haijulikani". Kubahatisha jina kunaharibu fomu kuliko kuacha.

MASWALI

Mkuu, tukifika tukakuta hakuna ndege, fomu tunaitupa?
Usiitupe. Andika sifuri, pamoja na muda mliotumia, hali ya hewa, na kama maji yamejaa au yamekauka. Fomu isiyorudishwa husomeka kana kwamba hakuna aliyekwenda.

Darubini hatuna, simu inatosha?
Kwa yangeyange na mwari, ndiyo: piga picha ya kundi, hesabu baadaye ukiweka nukta juu ya kila ndege. Kwa vitwitwi haitoshi.

Bata wa kufugwa tunawaweka?
Hapana.

Korongo-nyangumi tutamwona delta?
Usimtegemee. Anakaa ndani ya mafunjo ya ardhioevu ya Malagarasi-Muyovozi, iliyoingia mwaka 2000 kwenye orodha ya Ramsar, mkataba wa kimataifa wa kulinda ardhioevu. Pori la akiba la Moyowosi, lililo ndani ya ardhioevu hiyo, halifikiki bila kibali. Mkibahatika kumwona, msimsogelee kwa mtumbwi; akishtuka akiwa kwenye kiota, yai au kinda hubaki juani. Andikeni mahali na saa, kisha rudini nyuma polepole.