Papi wa mbegu ndogo hataki kula? Usimsubirie njaa

Ukisema tu papi wako, yaani mtoto wa mbwa, hataki kula, kila mtu hapa Arusha ana jibu moja, "muache huyo, akisikia njaa atakula mwenyewe." Kwa mbwa wa kulinda wa miezi sita sawa, huyo akigoma leo kesho atafagia sufuria. Ila kwa kitoto cha Maltese au Chihuahua cha wiki nne tano, kile unachokishika kwenye kiganja kimoja, hiyo kauli inaua kabisa. Hana akiba mwilini. Ini lake bado halijaweza kutunza sukari ya kutosha, joto linampotea haraka, kwa hiyo akipitisha masaa matano sita bila kitu tumboni sukari ya damu inaweza kushuka na unaanza kuona amelegea, anayumba kama mlevi, anatetemeka, mwisho degedege. Kwa hiyo yote ninayoandika hapa chini yamesimama kwenye jambo moja tu, papi wa hivi hagomi kwa jeuri, kuna kitu kinamzuia, na kazi yako ni kukitafuta mapema.

Sisi tuliletewa wetu mwezi wa saba, na anayeujua mtaa wetu wa Sakina hapa Arusha mwezi wa saba anajua, Mlima Meru huuoni siku nzima na tailizi ni kama friji. Aliyetuuzia alisema ana wiki nane. Usiku ule hakugusa kitu, analia tu.

Cha kwanza angalia meno, usiamini mdomo wa mtu. Meno ya mbele na chonge huanza kutoka wiki ya tatu hadi ya nne, magego yanafuata wiki ya tano sita hivi, na akifika wiki nane kwa kawaida anakuwa na yote 28 ya utotoni. Wetu alikuwa na vijino vya mbele vidogo kama punje za mchele vilivyokatwa, nyuma fizi tupu. Wiki nane wapi! Huyo alikuwa bado ni wa kunyonya na mimi nimemwekea punje kavu za chakula cha mbwa cha dukani kwenye bakuli. Kama mama yake bado yupo na unaweza kumrudisha kwa wiki mbili tatu, mrudishe tu, hakuna ujanja unaoshinda hilo. Kama haiwezekani basi endelea kusoma.

Cha pili joto, na hapa ndipo wengi tunakosea maana tunakimbilia chakula kwanza. Papi mwenye baridi hali, na hata ukimlisha tumbo halisagi, chakula kinakaa tu. Mshike masikio na miguu, ukiona pa baridi mpashe kwanza. Boksi la kadibodi, kipande cha blanketi, chupa ya maji ya moto iliyofungwa na taulo, iwe upande mmoja tu wa boksi ili akisikia joto limezidi asogee mwenyewe. Usimweke juani na usimpashe kwa jiko la mkaa chumbani, hiyo sumu ya moshi mtakufa wote.

Sasa chakula chenyewe. Tafuta zile punje za papi, ikiwezekana za mbegu ndogo, siyo za mbwa mkubwa. Chukua kijiko kimoja cha punje, vijiko vitatu vya maji ya uvuguvugu, acha zilowe nusu saa mpaka zivimbe, halafu ponda na uma hadi iwe kama uji mwepesi wa mtoto usiokuwa na mabonge. Ukipata yale maziwa ya unga ya watoto wa mbwa tumia hayo badala ya maji, atavutika zaidi kwa sababu harufu anaijua. Maziwa ya ng'ombe usimpe kama ndiyo chakula, najua huku tuna maziwa mengi na mazuri lakini ya mbwa yana protini na mafuta kama mara mbili yake na sukari ya maziwa kidogo kuliko ya ng'ombe, ukimpa ya ng'ombe ataharisha, na papi wa gramu mia tano akiharisha anakauka mchana mmoja. Weka tone la ule uji kwenye kiwiko chako kama unavyopima chupa ya mtoto, liwe vuguvugu. Papi anakula kwa pua, na chakula cha baridi hakinukii.

Kama punje umekosa leo chemsha kidari cha kuku bila chumvi bila kitu chochote, kisage kabisa na wali uliolainika sana na supu yake, kitamfikisha kesho na keshokutwa. Isiwe chakula cha mwezi mzima maana hakina madini ya kujenga mifupa. Ugali na uji mtupu sahau.

Bakuli weka pembeni, tumia kisosi au kifuniko cha kontena, kitu bapa ambacho hata akijikwaa pua haizami. Usimsukume kichwa kwenye chakula! Akivuta uji puani siku ya kwanza, kisosi kinakuwa adui yake wiki nzima. Chovya kidole, mpe alambe. Akilamba, rudia, kila mara kidole kikishuka kidogo kuelekea kwenye kisosi mpaka ulimi ukutane na chakula wenyewe. Asipolamba mpake kidogo sana kwenye mdomo wa juu, chini ya pua, siyo ndani ya pua, atajilamba tu. Siku mbili za kwanza atakanyaga, atakaa ndani ya kisosi, atajipaka mpaka masikio, ni kawaida, ila mfute na kitambaa cha maji ya uvuguvugu na umkaushe vizuri kwa sababu papi aliyelowa anarudi kwenye baridi na mnaanza upya. Baada ya dakika kumi na tano toa kisosi, mabaki mwaga, usiyatunze kwa jioni.

Mpe mara tano au sita kwa siku, kidogo kidogo, moja kabla hujalala na kwa hawa wa wiki nne amka moja katikati ya usiku, utazoea. Kila baada ya siku mbili tatu punguza maji ule uji uwe mzito, na wengi wakifika wiki ya saba au nane wanatafuna punje zilizolainika kidogo au kavu kabisa. Akichelewa wiki moja na uzito unapanda, usiwe na wasiwasi. Maji ya kunywa yawepo kwenye kifuniko kingine.

Sirinji nimeitumia, bila sindano, kwa maziwa tu. Papi alale kifudifudi kama anavyonyonya, usimlaze chali kama mtoto wa binadamu, pitishia pembeni ya shavu tone kwa tone ukisubiri ameze. Maziwa yakitokea puani acha hapo hapo umpeleke kwa daktari wa mifugo. Asiyemeza kabisa usimmiminie kitu.

Ile ya kulegea ikitokea usikae unagoogle. Nyumbani kuwe na asali au glukosi ya duka la dawa, koroga na maji kidogo, mpake kwenye fizi na kidole, usimwage mdomoni, mfunike apate joto, halafu bodaboda moja kwa moja kwa vet hata kama ameamka na anatikisa mkia, maana sukari hiyo inaisha na chanzo bado kipo.

Na chanzo mara nyingi ni minyoo. Tumbo kama ngoma, mgongo unahesabu mifupa, hapo chakula kizuri namna gani hakisaidii. Dawa ya minyoo huanza wiki ya pili, inarudiwa kila wiki mbili mpaka wiki ya nane, na dozi inapimwa kwa uzito, siyo kukata kidonge cha mbwa mkubwa kwa macho. Nunua mzani wa jikoni, mpime kila asubuhi kabla ya kula, andika. Siku mbili uzito umesimama au umeshuka, nenda. Akitapika na kuharisha damu nenda saa hiyo hiyo, inaweza kuwa parvo, ugonjwa wa virusi unaoua papi haraka. Chanjo zinaanza kati ya wiki ya sita na ya nane, kabla hazijakamilika usimshushe barabarani akutane na mbwa wa mtaa.

Halafu jamani wageni. Mama mkwe alikuja toka Moshi, akamuonea huruma yule mtoto, akasema mbona hata mzazi tunampa mtori anapata nguvu, akachota kijiko cha mtori uliobaki. Nilimuwahi mkononi. "Mama samahani, una vitunguu huo." Vitunguu maji na vitunguu saumu vinaharibu damu ya mbwa, na kwa mwili mdogo hivi kidogo tu ni kingi. Chokoleti na zabibu kavu pia hapana, na mifupa ya kuku iliyopikwa ndiyo usithubutu. Mama alinuna mpaka chai ya saa kumi.

Akishazoea, kuwa makini na punje za kupimiwa kwa kilo kwenye gunia lililo wazi, zinapoteza harufu na papi anagoma tena unadhani anaumwa kumbe chakula kimechacha. Na ukibadilisha aina changanya na ile ya zamani kidogo kidogo kwa wiki nzima.