Kayamba la mtoto kwa chupa ya plastiki

Mtoto wa miezi 6 hivi, anayeshika kila kitu, mtengenezee kayamba. Chukua chupa ndogo ya plastiki inayoonyesha ndani, ikauke kabisa (unyevu huozesha maharage), tia maharage makavu robo ya chupa tu, funga kifuniko kwa gundi kali na uache ikauke. Ukijaza, maharage hayana nafasi ya kugongana na mlio unakufa. Anachopenda ni kuona na kusikia kwa pamoja: anagundua mkono wake ndio unaoleta sauti. Chupa nene haimkai kiganjani, tafuta yenye kiuno. Akiota meno atatafuna kifuniko, kwa hiyo kikague kila siku na usimwache peke yake na kayamba. Punje moja ya maharage inaweza kumpalia. Kikilegea, tupa.