Jinsi ya kuiomba mahakama ichunguze fedha za umma katika mradi wa bwawa nchini Kenya

Mwananchi anayeamini kwamba bwawa linalojengwa kwa kodi au kwa mkopo wa serikali limekiuka sheria hahitaji kumiliki shamba katika eneo la mradi ndipo asikilizwe. Vifungu vya 22 na 258 vya Katiba ya 2010 vinamruhusu mtu yeyote kufungua kesi kwa manufaa ya umma, na Kifungu cha 70 kinasema waziwazi kwamba anayetetea haki ya mazingira halazimiki kuthibitisha kuwa kuna aliyepata hasara. Wengi hukwamia kwenye karatasi.

Kwa hiyo anza na barua, hata kabla ya kumtafuta wakili. Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inakuruhusu kuiandikia ofisi ya umma kuomba habari, kwa Kiswahili au Kiingereza, bila ada ya kuwasilisha, na ofisi ina siku 21 za kukujibu. Omba ripoti ya upembuzi yakinifu (utafiti wa kuona kama mradi unawezekana na unafaa), mkataba wa ujenzi, mkataba wa mkopo na leseni ya mazingira. Nenda na nakala mbili, na usiondoke kaunta kabla ya yako kugongwa muhuri wa kupokelewa wenye tarehe, kwa kuwa siku zitahesabiwa kutoka hapo. Ukinyimwa, lalamika kwa Tume ya Haki ya Utawala. Karatasi uliyopenyezewa na rafiki aliye ofisini inaweza kukuponza: katika kesi ya SGR, reli ya kisasa, Mahakama Kuu iliziondoa mwaka 2014 nyaraka ambazo hazikupatikana kwa njia halali.

Upembuzi yakinifu nimeutaja kwanza kwa sababu. Mradi wa bwawa la Kimwarer, kaunti ya Elgeyo Marakwet, uliokadiriwa kugharimu shilingi bilioni 22.2, ulifutwa Septemba 2019 baada ya kamati ya wataalamu kubaini kwamba haukuwa na upembuzi wa karibuni wa kutegemewa, na kwamba utafiti wa miaka 28 nyuma ulikuwa umeonyesha ufa wa kijiolojia katika eneo hilo.

Pili, chagua mlango sahihi. Anayepinga leseni ya mazingira hukata rufaa kwa Jopo la Kitaifa la Mazingira ndani ya siku 60. Athari kwa ardhi na mto hupelekwa Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Hoja za fedha na zabuni huelekea Mahakama Kuu. Ukiruka jopo lililowekwa na sheria, kesi inaweza kutupwa kabla jaji hajagusa kiini chake.

Ombi lenyewe hufuata Fomu A ya Kanuni za 2013 za kulinda haki za kimsingi. Usitosheke kuandika kwamba fedha zimefujwa. Taja malipo gani, yalifanywa lini, yalikiuka kifungu kipi (Kifungu cha 201 kinadai fedha za umma zitumiwe kwa busara na uwazi), na kwa namna gani, maana tangu uamuzi wa Anarita Karimi wa 1979 mahakama hudai madai yanayoeleweka bila kubahatisha. Ambatisha hati ya kiapo, na kila kiambatisho kiwe na alama yake na muhuri wa kamishna wa viapo.

Agizo la muda, yaani la kusitisha mambo kesi ikiendelea, ndilo gumu kupata, kwani jaji hupima pia maslahi ya umma, na mawakili wa serikali watamkumbusha kuhusu kina mama wanaochota maji mbali. Naona ni busara kuomba malipo ambayo hayajatolewa yasitishwe, badala ya kutaka kazi yote isimame.

Ukishawasilisha, wakabidhi walalamikiwa nakala ndani ya siku 15, akiwemo Mwanasheria Mkuu iwapo serikali imeshtakiwa, kisha uape hati ya kuthibitisha kwamba umefanya hivyo. Serikali ina siku 14 za kujibu. Soma viambatisho vya majibu hayo ukurasa kwa ukurasa, kwa maana huenda ukaikuta humo ripoti uliyonyimwa, na hapo uombe ruhusa ya kuwasilisha hati ya kiapo ya nyongeza.