Somo: Kushusha Runx sentimita 3 na bado kuvuka kasivitesi (matuta ya barabarani) za Lubumbashi

Jambo yenu. Wengi mmeniuliza pembeni, basi naandika mara moja kwa wote. Gari ni Toyota Runx yangu, ya volani (usukani) ya kuume kama nyingi zinazotufikia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia. Nimeishusha mara mbili, ya kwanza vibaya, ya pili vizuri. Naanza na ile mbaya.

Mekanisie mmoja alinikatia resori (springi) za mbele kwa shalimo, ule moto wa gesi wa kukatia chuma, mzunguko mmoja na nusu. Hata saa moja haikuisha, gari limelala chini, nami natabasamu kama bwana arusi. Pale alipokata, chuma kiligeuka bluu. Sikujua kwamba ule moto ndio umeua ugumu wa chuma. Mwezi wa kwanza, katikati ya mvua, gurudumu la mbele likaingia kwenye shimo lililojaa maji. Gurudumu likaning'inia, resori ilikuwa fupi kuliko nafasi yake, ikachomoka kwenye kikombe, pale inapokalia, na iliporudi ikakaa upande. Ncha yake ikachana mpira ubavuni. Nilibadilisha gurudumu maji yakiwa juu ya kifundo cha mguu. Resori ya kushusha iliyotoka kiwandani nayo ni fupi, lakini imehesabiwa ibaki imebanwa hata gurudumu likining'inia. Hicho ndicho unacholipia.

Kwanza pima, tena gari likiwa na watu

Kila mtu hupima gari tupu. Kosa. Chukua metre, pima toka katikati ya gurudumu mpaka ukingo wa bodi juu yake, pembe zote nne, uandike. Halafu lala chini upime sehemu ya chini kabisa ya tumbo. Mara nyingi ni bomba la moshi au karteri, ile sinia ya mafuta chini ya injini. Sasa paki watu wanne ndani, na mfuko wa unga nyuma, upime tena.

Kwangu tupu ilikuwa sentimita 15 na nusu. Ukitoa 3 za resori mpya, inabaki 12 na nusu. Watu wakipanda zinapotea 3 nyingine na zaidi: umebaki na 9. Kasivitesi ya sima (saruji) ambayo majirani walijijengea kwenye avenue yetu nimeipima: sentimita 11. Hesabu hii ifanye kabla ya kununua chochote. Ndiyo sababu nasema 3, si 5. Anayetaka 5 awe na barabara yake mwenyewe.

Kazi ya mbele

Legeza ekru (nati) za magurudumu gari likiwa chini, pandisha kwa kriki (jeki), kisha liweke juu ya shandele, vile vigingi vya chuma. Kriki peke yake si rafiki. Usiingize hata bega.

Toa gurudumu. Fungua kishikio cha mrija wa breki na waya wa ABS kwenye amortisere (shokapu), halafu kile kifimbo cha stabilizatere, chuma kinachozuia gari kulala upande. Kabla hujagusa bulo (bolti) mbili kubwa zinazoshika amortisere chini, chora alama kwa rangi penye zimekaa. Kuna mchezo kidogo pale, na mlalo wa gurudumu unategemea mchezo huo. Funga kamba kwenye kitovu cha gurudumu kisianguke na kuvuta mrija wa breki. Mwisho, juu ndani ya boneti, ekru tatu za pembeni. Ile ya katikati USIIGUSE. Narudia: ya katikati usiiguse. Ndiyo inayozuia resori iliyobanwa kwa nguvu ya kuvunja taya.

Resori ikiwa nje pamoja na amortisere yake, funga vibanio viwili vya resori, kimoja kikitazamana na kingine. Kaza huku nusu zamu, kule nusu zamu, mpaka resori icheze bure kwenye kikombe. Hapo tu ndipo unafungua ya katikati, na uso wako usiwe mbele ya ncha. Kama huna vibanio, azima. Kama hakuna wa kukuazima, peleka amortisere kwa mtu anayevyo. Kamba ya nailoni niliyowahi kuona kijana mmoja akitumia kule mtaa wa Katuba, sitaki hata kuizungumzia.

Angalia rulima, ile beringi ya juu (ikikwaruza unapoizungusha, badilisha leo) na butee, ule mpira unaozuia amortisere kugonga mwisho. Karatasi ya resori ikisema butee ikatwe, kata kipimo kile kile, usiitupe. Rudisha kwa kinyume, mkia wa resori ukae kabisa kwenye kijishimo chake.

Nyuma ni nyepesi. Gari nyingine resori imevaa amortisere, nyingine imekaa peke yake. Ikiwa peke yake, shusha mhimili polepole kwa kriki huku ukichunga mirija.

Jambo moja wengi hulikosa: bulo zinazopita kwenye silenibloki (bushi za mpira) zikaze mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukizikaza magurudumu yananing'inia, ule mpira unabaki umejinyonga kila siku na utapasuka upesi. Ekru za magurudumu zikaze kwa nguvu ya 103 Nm. Tembea juma moja resori zikae, kisha nenda paralelisme, wapange magurudumu yatazame sawa. Usipoenda, mipira ya mbele italiwa upande wa ndani, na huko ndani hauoni mpaka nyuzi zitokee.

Kuishi nalo

Kasivitesi: punguza mwendo mapema, halafu achilia breki kabla ya kupanda. Breki inashusha pua, na wengi wanagonga kwa sababu wamekanyaga pale juu. Ile nyembamba na ya juu, ichukue kwa mshazari, gurudumu moja moja. Ikishinda, shusha abiria. Shemeji yangu alinuna mara mbili, ya tatu alikuwa anafungua mlango mwenyewe kabla sijasema.

Kuanzia Novemba mpaka Machi, dimbwi lolote ambalo hukuliona likiwa kavu ni shimo. Sisi wa volani ya kuume tunakaa upande wa mfereji, basi angalau hilo tunaliona vizuri. Ukisikia umegonga, simama mbele kidogo uchungulie. Taa nyekundu ya mafuta ya injini ikiwaka, zima hapo hapo, hata kama umebakiza nyumba mbili.

Maswali

*Kutoka Kampemba: Yaya, miye niko na Vitz, resori zilishakatwa kwa shalimo na mwenye aliniuzia. Bado haina shida. Nizitoe?*

Ndiyo, mdogo wangu. Pandisha gari magurudumu yaning'inie, shika resori kwa mkono. Ikicheza kwenye kikombe, usiende nayo mbali. Hata isipocheza, chuma kilichochomwa kinaweza kuvunjika bila kukupigia simu. Tafuta hata resori za zamani za kawaida.

*Kutoka Ruashi: Mukubwa, nikiweka janti (rimu) za 17 si gari itapanda juu tena?*

Hapana, ukifuata vipimo. 195/60 R15 ina kimo cha karibu milimita 615, na 205/45 R17 ni karibu 616. Tumbo linabaki palepale. Kinachopungua ni ukuta wa mpira: toka milimita 117 mpaka 92. Kwa mashimo yetu, janti ndiyo itakayolia. Mimi nimebaki na 15.

*Kutoka Kenya (komini ya hapa Lubumbashi): Baba, gari yangu ni ya taxi. Nishushe hata mbili tu?*

Mama, usishushe. Taxi inajaa kutwa nzima, na ile hesabu ya watu wanne kwako ndiyo ya kila saa. Pesa hiyo weka amortisere mpya za nyuma; gari litasimama vizuri na utapendeza vilevile.

*Kutoka Bel Air: Mlango wa parcelle (kiwanja) yangu uko juu ya mfereji, na dali, bamba la sima la kuvukia, ina ngazi. Nifanyeje kila jioni?*

Mbao mbili za kuweka penye ngazi, unene sentimita 4, urefu kama mkono, ziache upande wa ndani wa mlango. Zitoboe, uzifunge kamba uzivute ukishapita. Bila kamba utazirudia kwa miguu huku wa nyuma yako wanapiga honi.