Namna ya Kuusoma Uharibifu wa Barabara ya Lami Kabla ya Kuziba Mashimo

Lami haibebi mzigo peke yake. Gurudumu linapopita, uso wa barabara hubonyea kidogo mno na kurudi, huku uzito ukitawanyika ndani ya kokoto za msingi na murramu iliyoshindiliwa chini yake, hata unapoufikia udongo wa asili uwe umepungua nguvu. Kwa hiyo anayeikagua barabara, iwe ya Malaba hadi Kampala au ya mji mdogo, ajiulize kwanza ni tabaka lipi lililochoka.

Laza ubao ulionyooka wa mita 2 kukatiza njia ya magurudumu, upime kina cha bonde lililochimbwa na magurudumu. Likiwa jembamba na lami imefura pembeni, kasoro imo ndani ya lami yenyewe. Hali hii huonekana zaidi kwenye miinuko, ambako malori hutambaa, kwa kuwa lami iliyopata joto hulegea zaidi kadiri inavyokandamizwa kwa muda mrefu. Likiwa pana bila kufura, matabaka ya chini ndiyo yanayozama, na kumwaga lami mpya juu yake ni kupoteza fedha za umma.

Kisha chunguza nyufa, ikiwezekana baada ya mvua. Huanza kwa mistari michache inayofuata mwendo wa magari, halafu huungana kama wavu. Tope jembamba likichomoza humo, maji yameshaingia kwenye msingi, na kila lori linayasukuma nje pamoja na chembe za udongo. Hapo zibua mitaro kwanza, hasa barabara inapokatiza vinamasi vya mafunjo kama bonde la Katonga nchini Uganda. Ndipo ukate kiraka chenye kingo za wima mpaka kwenye kokoto ngumu, uondoe kilicholowa na kushindilia upya tabaka kwa tabaka. Kazi hii ifanywe kabla ya mvua za Machi.

Mwisho, hesabu ekseli za malori, yaani mihimili inayobeba magurudumu, badala ya idadi ya magari. Majaribio ya barabara ya Ottawa, Illinois, nchini Marekani, ya 1958 hadi 1960, yalionyesha kwamba uharibifu hukua takriban kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli, yaani uzito × uzito × uzito × uzito. Ekseli ya tani 12 mahali pa tani 10, ambazo ndizo kikomo cha Afrika Mashariki kwa ekseli moja ya matairi manne, huumiza barabara karibu maradufu, ilhali bodaboda elfu hazibadilishi chochote katika hesabu hiyo.