Somo: Kupima maji yaliyomo kwenye theluji, chini ya miti na mahali pa wazi

Wakuu habari. Wengi mmeniuliza huku Sierra Nevada, California, nazunguka mlimani na bomba begani natafuta nini. Uzamivu wangu unafuata swali moja: theluji inayoangukia msitu, maji yake yanaishia wapi? Rula haitoshi kulijibu. Theluji mpya ya sentimita 50 ikiyeyuka inaweza kutoa maji ya kina cha sentimita 5 tu, na ya mwezi wa nne iliyokwisha kushikana, kina hichohicho, ikatoa 20. Kwa hiyo tunapima uzito.

Hatua ya 1. Vifaa: bomba la alumini lenye meno mdomoni kama msumeno na matundu marefu ubavuni, mizani ya kuning'iniza, kisu, daftari na penseli (wino huganda). Bomba la namna hii alilibuni James Church, mwalimu wa Kilatini pale Reno, Nevada, mwanzoni mwa karne ya 20. Kilatini, ndiyo! Mdomo wake una eneo la sentimita za mraba 11.2. Ishike namba hiyo.

Hatua ya 2. Piga mstari. Hapa ndipo tasnifu nyingi zinapoharibika, maana ukiiachia miguu itakupeleka penye jua na theluji laini. Anza kwenye shina la msonobari, toka nje hadi mahali pa wazi, pima kila baada ya mita 2, hata pale unapopaona pabaya. Ila karibu na shina chungulia kwanza: matawi huficha shimo, na aliyetumbukia kichwa chini hatoki bila kuvutwa. Usiende peke yako.

Hatua ya 3. Poza bomba kivulini. Siku yangu ya kwanza nililiegemeza kwenye mwamba juani huku nakunywa chai. Theluji ikagandia ndani, nikashinda nalipiga kama mtu anayegonga mfupa atoe uboho.

Hatua ya 4. Lisimamishe wima, sukuma huku unazungusha mpaka udongoni, soma kina, chomoa. Mdomoni lazima uone udongo au majani makavu. Usipoona, hukufika chini. Chungulia kwenye matundu: theluji ikiwa fupi mno kuliko kina ulichosoma, mdomo uliziba. Mwaga, rudia. Udongo uukate kwa kisu kabla ya kupima.

Hatua ya 5. Pima, toa uzito wa bomba tupu, gawanya kwa 11.2. Tuseme mahali pa wazi kina ni sentimita 120 na theluji gramu 403: maji sentimita 36. Chini ya msonobari kina 85, gramu 258: maji 23. Pengo hilo la 13 ndilo linalonilisha.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Hizo 13 zimekwenda wapi?
Jibu: Zilinasa kwenye matawi. Nyingine hudondoka baadaye, nyingine hugeuka mvuke papo hapo bila kupitia maji. Kwenye misitu minene ya baridi, inayopotea hivyo yaweza kufika theluthi ya theluji ya mwaka.

Swali: Basi tukate miti tupate maji?
Jibu: Taratibu, kaka. Mti hunyang'anya, lakini pia hutia kivuli. Wastani wa majira ya baridi ukiwa chini ya nyuzi -1, theluji ya msituni mara nyingi ndiyo inayodumu. Penye joto kuliko hapo miti yenyewe hutoa joto, na ya chini yake huisha wiki moja au mbili mapema. Uliza kwanza ni mlima upi.

Swali: Mimi ni wa Machame. Bomba hili litafanya kazi Kilimanjaro?
Jibu: Hapana, dada. Kule juu ni barafu ngumu, na imebaki kidogo: mwaka 1912 ilikuwa kilomita za mraba 12 hivi, kufikia 2011 haikutimia 2. Lakini mifereji yenu haiitegemei hiyo. Maji mengi huanza kama mvua kwenye ukanda wa msitu. Ningekuwa wewe ningepeleka vipimamvua msituni, na juu zaidi vyombo vya kukinga ukungu.

Swali: Mizani ya jikoni inafaa?
Jibu: Inafaa, ila si kwenye upepo. Mimina theluji kwenye mfuko wa plastiki, funga, pima jioni kambini. Ikiyeyuka uzito ni uleule. Namba iandike nje ya mfuko. Niliwahi kutia karatasi ndani, jioni nikakuta mifuko 14 yenye uji wa karatasi.